Prado 1KZ inachemsha Kitonga tu, tambarare haina shida. Nianzie wapi kabla sijafungua silinda hedi?

#1 MsafiriMakambako
Wakuu, heshima kwenu. Nina Prado ya 1997, injini ya dizeli 1KZ-TE, gia otomatiki, namba B. Niliinunua mkononi kwa mtu mwaka 2014 ikiwa na kilomita 186,000, leo inasoma 341,000. Kwa miaka yote hiyo nimebadilisha shokapu mara mbili, bushi za mbele, boljointi za chini, belti ya taimingi, na tabo imefunguliwa mara moja kubadilishwa sili. Injini yenyewe haijawahi kuguswa.

Tangu Desemba nina tatizo moja. Kutoka Dar, Morogoro, Mikumi, mpaka Ruaha Mbuyuni gari iko shwari, sindano ya joto imekaa pale pale chini kidogo ya nusu. Nikianza kupanda mlima wa Kitonga, hasa mchana nikiwa nyuma ya malori, sindano inapanda mpaka karibu na alama nyekundu. Nikisimama pembeni injini ikiwa inaunguruma, baada ya dakika saba au nane inashuka. Nikishafika juu, Ilula hadi Makambako hakuna shida yoyote. Kila safari maji yanapungua kama nusu lita. Oili ni safi, haina weupe wa maziwa, na moshi mweupe sioni.

Mafundi watatu, majibu matatu: rejeta, silinda hedi (kile kichwa cha juu cha injini), feni. Wa pili anataka kufungua Jumatatu. Mwenye uzoefu wa muda mrefu na hii gari anisaidie.

#2 DizeliBaridi
Pole mkuu. Hiyo ni silinda hedi, usijidanganye. 1KZ ina hedi ya aluminiamu juu ya bloku la chuma, joto likizidi mara moja tu vile vitu viwili havitanuki sawa, hedi inapinda au inapasuka. Yangu ilianza hivyo hivyo: mlimani tu, tambarare safi. Nikaendelea nayo miezi minne. Siku moja natoka Mafinga ikanizimikia, tulipofungua tukakuta ufa kati ya valvu kwenye silinda namba tatu. Nilitumia milioni 3.1 mpaka inawaka tena. Fungua mapema.

#3 BibiUsukani
DizeliBaridi subiri kwanza, usimpeleke mtu gereji kufunguliwa injini kwa sababu yako ilipasuka. Mleta mada, swali moja: thamostati (ile valvu inayoongoza maji ya kupooza injini) ipo ndani?

#4 MsafiriMakambako
Haipo. Ilitolewa 2019, fundi aliniambia nchi yetu ni ya joto, thamostati ni ya Wazungu wenye barafu.

#5 BibiUsukani
Basi hapo ndipo uanzie. Hili jambo limeharibu injini nyingi sana hapa nchini na linaniuma kila nikilisikia.

Kwenye 1KZ thamostati haikai upande maji yanapotokea kwenda juu ya rejeta kama magari mengine. Inakaa upande wa chini, maji yanaporudi kuingia kwenye injini. Nyuma yake ina kisahani cha pili. Injini ikiwa baridi, maji yanazunguka ndani kwa ndani kupitia njia ya mkato. Injini ikipata moto, thamostati inafungua njia ya rejeta na wakati huo huo kile kisahani kinaziba njia ya mkato. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inarudi moja kwa moja kwenye injini bila kupita kwenye rejeta kabisa. Barabara ya tambarare hutaona kitu kwa sababu injini haizalishi joto jingi. Ukipanda Kitonga na mzigo, yale maji machache yanayopita kwenye rejeta hayatoshi.

Mimi nina KZJ95, Prado ya 1KZ kama yako, tangu 2011, kilomita 412,000, hedi haijawahi kufunguliwa. Thamostati ninabadilisha kila baada ya miaka mitatu hata kama haijaharibika.

#6 JotoLaTabata
Maelezo mazuri ila mimi natembea bila thamostati mwaka wa sita na sindano haijawahi kusogea. Kwa hiyo hiyo nadharia ina walakini.

#7 FundiMilima
JotoLaTabata unaishi Tabata, mlima wako mkubwa ni daraja la Tazara. 😀 Njoo nayo Njombe tuone.

Mimi ni fundi wa dizeli, mwaka wa 19 sasa. BibiUsukani yuko sahihi kuhusu njia ya mkato. Lakini kukosekana kwa thamostati tangu 2019 hakuelezi kwa nini tatizo limeanza Desemba. Miaka yote hiyo amepanda Kitonga mara ngapi? Kuna kitu kingine kimeongezeka. Mleta mada, nipe majibu haya:
Je, unatumia kulanti (maji maalumu ya kupoozea injini) au maji ya bomba?
Rejeta ni ile ile iliyokuja na gari?
Asubuhi kabla hujawasha, paipu ya juu ya rejeta ni laini au ngumu ukiiminya?

#8 Kijana_wa_Kihesa
Wakuu naomba kuongezea, Prado za toleo la 90 kama hiyo zote ni 1KZ na hizi injini zina cheni, kwa hiyo mleta mada ulipigwa ulipoambiwa umebadilishiwa belti.

#9 BibiUsukani
Kijana_wa_Kihesa, hapana kwa yote mawili. 1KZ ina belti ya taimingi, na kwenye dashibodi kuna taa kabisa inayoandika T-BELT ikifika kilomita 100,000. Ukiona mtu anakuuzia Prado na ile taa haiwaki kabisa hata ukifungua swichi, jiulize balbu ilitolewa lini.

Na si zote ni 1KZ. Zipo za petroli, 3RZ ya 2.7 na 5VZ ya V6 3.4. Halafu kuanzia mwaka 2000 za dizeli zikaanza kuja na 1KD, ile D-4D. Mwaka 2002 ndipo likaingia toleo la 120.

#10 Kijana_wa_Kihesa
Asante mama, nimeelewa. Yangu ni 3RZ kumbe ndiyo maana fundi alikuwa ananitazama.

#11 NakuruDizeli
Hamjambo majirani. Mimi niko Nakuru, nina 1KZ tangu 2012. Ugonjwa wako nilikuwa nao kutoka Mai Mahiu kupanda kuja Limuru. Makanika wawili walitaka hedi. Shida ilikuwa feni.

Ile feni haijafungwa moja kwa moja na injini. Katikati ina kichwa chenye mafuta mazito ya silikoni. Hewa inayopita kwenye rejeta ikiwa moto, kichwa kinashika na feni inazunguka kwa nguvu. Mafuta yakiisha au yakivuja, feni inazunguka kivivu. Ukienda mwendo wa 80 upepo wa barabarani unatosha, hutajua lolote. Ukipanda nyuma ya lori kwa mwendo wa 15, upepo wa barabara hakuna, feni nayo haivuti.

Jaribio ni rahisi. Injini ikiwa na moto wa kutosha, zima, kisha sukuma feni kwa mkono. Ikizunguka mizunguko mitatu minne yenyewe, imekufa. Inatakiwa ikatae. Mimi nilijaza silikoni mpya, haikufika shilingi 3,000 za huku kwetu. Ni miaka saba sasa.

#12 FundiMilima
NakuruDizeli, umesema la maana. Na hapa dalili ya "nyuma ya malori" inakubeba. Ila tahadhari kwa wasomaji: kuna wenzangu wanaofunga kile kichwa kwa bolti au kuchomelea ili feni izunguke muda wote. Msikubali. Inakula dizeli, inapiga kelele kama ndege, na ukikanyaga mafuta ghafla panga la feni linaweza kukatika likaingia kwenye rejeta. Nimeyatoa mwenyewe.

#13 MsafiriMakambako
Nashukuruni sana. Majibu ya FundiMilima:
Kulanti niliweka mara ya mwisho 2021, baada ya hapo nimekuwa naongeza maji ya kawaida.
Rejeta ni ile ile.
Paipu asubuhi: jana ilikuwa laini. Leo naona ina ugumu kidogo, sina uhakika kama ni woga wangu.
Feni nimejaribu kama alivyosema ndugu wa Nakuru, imezunguka mzunguko mmoja na nusu hivi. Sijui nihesabu imekufa au iko hai.

#14 DizeliBaridi
"Ina ugumu kidogo asubuhi." Hapo umenijibu. Presha ikibaki usiku kucha ina maana kuna gesi ya mwako inaingia kwenye maji. Nasubiri picha za hedi.

#15 FundiMilima
DizeliBaridi, acha kumuombea mwenzako mabaya bwana. Ugumu wa asubuhi unaweza kuwa gesi, unaweza pia kuwa paipu ya zamani iliyokakamaa. Apime. Kuna kichupa chenye dawa ya bluu kinawekwa mdomoni mwa rejeta injini ikiunguruma. Gesi ya mwako ikiwemo, rangi inabadilika kuelekea kijani au njano. Kipimo hakifiki bei ya gasketi, na hakifungui bolti hata moja. Fundi anayesema "nifungue nione" kabla ya hicho kipimo anajifunzia kwenye gari yako.

Apime mlimani au mara baada ya kupanda, siyo gereji ikiwa imepoa. Nyufa nyingine zinafunguka injini ikiwa na moto na mzigo tu.

#16 ShambaLaChai
Mimi nitasema kitu ambacho hakuna aliyekigusa. Vua grili ya mbele utazame. Prado zetu za huku zinapita kwenye nyasi na vumbi. Mbele ya rejeta kuna kondensa ya AC, na kati ya vile viwili kuna nafasi ya vidole viwili ambayo hakuna anayeifikia anapoosha gari. Yangu nilitoa mbegu za nyasi, mabawa ya kumbikumbi na udongo, karibu nusu ndoo. Rejeta ilikuwa safi ndani, nje imezibwa kama godoro. Taa kubwa nilizofunga mbele ya grili nazo nilizitoa.

Osha ukitokea upande wa injini kwenda mbele, kwa maji ya taratibu. Mashine ya presha inakunja vile vibati.

#17 O/D_Zima
Na gia boksi? Ni otomatiki hiyo. Oili ya gia inapoozwa ndani ya tangi la chini la rejeta hiyo hiyo. Ukipanda Kitonga gia ikiwa D na O/D (overdrive, ile gia ya juu kabisa) imewashwa, inapanda na kushuka gia ovyo, konveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na gia boksi) haishiki sawasawa, joto lote linamwagwa kwenye maji ya injini. Mimi nikifika Mahenge nabonyeza O/D izime ili isipite gia ya 3, au naweka 2, nazima AC, naacha injini izunguke 2,500 mpaka 3,000. Pampu ya maji na feni zinafanya kazi vizuri kuliko kukanyaga mafuta kwenye gia kubwa. Sindano yangu inatulia.

Chomoa kijiti cha gia uangalie rangi ya oili. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, umepata mchawi wa pili.

#18 MsafiriMakambako
O/D_Zima, kusema kweli kile kitufe sijawahi kukigusa kwa miaka kumi. Napanda kwenye D siku zote.

#19 JotoLaTabata
Basi jamani tumepata wachawi sita kwa gari moja. Rejeta, thamostati, feni, hedi, nyasi, gia. Mkuu uza hiyo gari ununue Harrier ulale usingizi.

#20 MsafiriMakambako
JotoLaTabata nakuelewa, lakini gari hii siuzi. Mwaka 2017 baba yangu alizidiwa usiku kijijini, mvua ya masika, barabara ya udongo, hakuna gari lingine lililokuwa linapita pale. Tulifunga difu ya katikati, tukatoka naye mpaka lami, mpaka hospitali, na akaishi miaka minne mingine. Wanangu wote wawili walitoka hospitali wakiwa wachanga kwenye kiti cha nyuma cha gari hii. Nitaitengeneza.

#21 BibiUsukani
Umenigusa mwanangu. Itengeneze.

#22 Tano_L
Mwenye mapenzi kama hayo aweke 5L asahau haya yote. Dizeli ya 3.0 isiyo na tabo, pampu ya kawaida isiyo na umeme mwingi, spea zimejaa Kariakoo. Mimi nimefunga kwenye Prado yangu 2018.

#23 FundiMilima
Tano_L 5L ni injini ngumu, sikatai. Lakini mwambie na upande wa pili: bila tabo, Kitonga utapanda ukipitwa na mabasi yote. Wiring inabadilishwa, otomatiki yake haitakubaliana nayo kirahisi, na namba ya injini iko kwenye kadi ya gari kwa hiyo lazima akabadilishe TRA, vinginevyo siku ya kuuza au ya ajali ataulizwa. Hapo amehama tatizo, hajalitibu.

#24 Tano_L
Mabasi yananipita kweli. Lakini nafika.

#25 ShambaLaChai
Kuna jambo kuhusu sindano pia. Geji za Toyota hazisogei sawa na joto. Zimetengenezwa zikae katikati kwenye nafasi pana ya joto ili dereva asipate wasiwasi. Ukiona imeanza kusogea, joto lilishapanda muda. Kwa hiyo mleta mada, inawezekana kabisa kwamba gari lako lilikuwa linapata joto tangu 2019 na geji ilikuwa inakufichia mpaka Desemba. Hilo linajibu swali la FundiMilima pale #7. Nunua kipima joto cha kidijitali, kihisi chake kifungwe kwenye bolti ya hedi karibu na maji yanapotokea.

#26 FundiMilima
ShambaLaChai, nakubali hoja hiyo. Sikuwa nimeiwaza hivyo.

#27 BibiUsukani
Na kifuniko cha rejeta. Maji ya wazi kwa mwinuko wa Iringa, mita 1,500 na kitu, yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kinachoyazuia ni presha inayotunzwa na kile kifuniko. Springi yake ikichoka, maji yanasukumwa kwenye chupa mapema na hayarudi. Nusu lita inayopotea inaweza kuwa hiyo tu. Kitu cha elfu kumi na tano, ila nunua halali. Feki nazo zinang'aa.

#28 DizeliBaridi
Au nusu lita inaunguzwa ndani ya silinda. Nasema tu.

#29 Mlinzi_wa_Mikumi
Au mabomba ya hita ya nyuma. Prado ndefu ina hita nyuma, mabomba yake ya chuma yanapita chini ya bodi na yanaoza taratibu. Yangu yalikuwa yanatoa jasho tu, tone linakaukia kwenye chuma cha moto, chini huoni hata alama. Hewa inaingia ikipoa, hewa hiyo inakwenda kukaa kwenye hedi, mlimani inachemsha. Niliyakata hapo mbele nikaunganisha kwa mpira.

#30 MsafiriMakambako
Wakuu, narudi na mrejesho baada ya wiki tatu. Jumatatu sikufungua hedi.

Nilitoa rejeta. Fundi wa rejeta aliikata matangi, theluthi moja ya mirija ya chini imeziba na kutu nyekundu. Nje kulikuwa na uchafu ule ule wa ShambaLaChai, pamoja na kipande cha mfuko wa salfeti. Sikuizibua, nimeweka mpya. Nimeweka thamostati, kifuniko kipya na kulanti. Hewa tuliitoa kwa kuegesha gari pua ikiwa juu, hita ikiwa kwenye moto, tukajaza taratibu kwa karibu saa nzima. Kichwa cha feni nimeongeza silikoni. Oili ya gia ilikuwa ya kahawia nzito, imemwagwa. Mabomba ya nyuma yana kutu lakini sikuona tone. Jumla 1,140,000.

Kipima joto nilifunga. Juzi nimepanda Kitonga saa saba mchana, watu watano, O/D imezimwa. Ruaha Mbuyuni ilisoma 86. Nusu ya mlima, nyuma ya lori la kontena, 97. Sindano ya dashibodi haikutikisika hata kidogo, ShambaLaChai ulisema kweli. Feni niliisikia inavuta, sauti ambayo sijaisikia miaka. Ikashuka 93, nikafika juu na 95.

Kipimo cha dawa ya bluu tulifanya Ilula, injini ikiwa na moto. Dakika tano bluu. Dakika ya nane ilielekea ukijani kidogo. Fundi mmoja anasema ni gesi, mwingine anasema kichupa kilivuta kulanti yenyewe ambayo ni ya kijani. Na chupa ya akiba, nilipofika Makambako, maji yalikuwa yamepanda vidole viwili. Asubuhi yamerudi nusu yake.

#31 FundiMilima
Kazi nzuri. Kutoka kwenye alama nyekundu mpaka 97 mchana ni mabadiliko makubwa. Rudia kipimo na dawa mpya, safari hii punguza maji kwenye rejeta kwanza ili kichupa kisiyavute. Chupa ya akiba kupanda vidole viwili ni kawaida, maji yanatanuka. Kutorudi yote siku ya kwanza kunaweza kuwa hewa iliyokuwa bado inatoka. Weka alama kwa kalamu, fuatilia safari tatu.

#32 DizeliBaridi
Bluu kwenda kijani kwa dizeli ndiyo mwanzo wenyewe, nilionyeshwa hivyo hivyo. Sikuombei mabaya mkuu, na hiyo stori ya baba yako nimeisoma mara mbili. Ila weka akiba. Na ukifika huko, usinunue hedi ya mkononi, na mwambie fundi apime pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloku kabla ya kununua gasketi, maana zinakuja kwa unene tofauti. Yangu iliwekwa yoyote iliyokuwepo dukani, ndiyo maana nilifungua mara ya pili.

#33 BibiUsukani
Kumbe ulifungua mara mbili! Hukusema.

#34 DizeliBaridi
Iliniuma kuandika. Hiyo milioni 3.1 ni ya mara ya kwanza.

#35 NakuruDizeli
Pole sana ndugu. Msafiri, 1KZ yangu mimi Mai Mahiu inasoma 96 mpaka 98 na hedi ni nzima. Mimi ningeendesha.

#36 MsafiriMakambako
Nimeweka alama kwa kalamu nyekundu. Ijumaa nashuka Dar, Jumapili napanda. Nitaleta namba.

#37 Lushoto_Surf
Habari za humu. Nimesoma uzi wote. Mimi nina Hilux Surf yenye 1KZ hiyo hiyo, inapata joto kupanda Mombo kwenda Lushoto, ila yangu inapata joto asubuhi na mchana haipati. Thamostati ipo, rejeta ina mwaka mmoja. Hii nayo ni nini?

#38 O/D_Zima
Asubuhi tu? Manyuali au otomatiki?